Ukipangiwa Delta: Mwongozo kwa Mwalimu wa Sayansi Aliye Tayari Kuwa Mlezi

Barua ya kupangiwa kituo hutaja masomo yako mawili, cheo na tarehe ya kuripoti. Haikuambii kwamba muhula wa kwanza hautaisha kabla msichana wa kidato cha pili hajabaki darasani baada ya kipindi, akijifanya anafuta ubao, kisha akakuuliza jambo ambalo halimo kwenye andalio la somo. Katika sekondari nyingi za kata wilayani Kibiti, wewe wa Fizikia na Kemia ndiye mtu aliyesoma mbali ambaye msichana huyo anamwona kila siku. Atakuja kwako tu. Mwongozo huu ni wa mwalimu ambaye, akiulizwa, hataki kusema "nenda kamwone matroni" halafu akashika njia yake.

Shauri langu kubwa nalitoa mapema: usiitupe sayansi ili uwe mlezi. Nimeona walimu hodari wakianza kazi hii wanaweka bikari kabatini na kuingia kwenye hotuba: jitambue, timiza ndoto zako, epuka vishawishi. Wasichana wanazijua hotuba hizo kwa moyo. Wanapiga makofi na kwenda zao. Wewe una kitu ambacho mgeni rasmi hana. Unajua kumzoeza mtu kuuliza "umejuaje?" na kutobanduka mpaka jibu lithibitike. Msichana aliyezoea kuliuliza hilo mbele ya mizani ataliuliza pia siku atakapoambiwa kwamba mara ya kwanza haishiki mimba.

Jua ulikofika

Kibiti ni wilaya changa. Ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya muongo uliopita, na ilipoondoka iliondoka na Delta ya mto Rufiji. Ndiyo maana ukipangiwa Kibiti hujui bado umepangiwa wapi. Kuna upande wa lami: Kibiti mjini, Bungu, Jaribu Mpakani, ambako barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi inaleta mabasi, malori, bodaboda na vibanda vya chipsi. Kuna na kata tano za Delta, yaani Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni, ambako safari kwa sehemu kubwa ni ya maji, na misitu ya mikoko inayosemwa kuwa mikubwa kuliko yote Afrika Mashariki inaanzia nyuma ya nyumba.

Hatari zinazomkabili msichana hazifanani pande hizo mbili. Upande wa lami, shida kubwa huanzia kwenye umbali na lifti: shule iko kilomita kadhaa, jua kali, kijana wa bodaboda anasimama. Upande wa Delta, shule ya sekondari inaweza kuwa ng'ambo ya mto, kwa hiyo mtoto anapangishiwa chumba, anaishi geto na wenzake wawili, anapika mwenyewe na hana mtu mzima wa kumuuliza karudi saa ngapi. Ongeza msimu wa mpunga. Mpunga ukianza kutoa masuke, familia nzima huhamia shambani, inalala kwenye dungu, na kazi ya kutwa ni kuamia ndege na kuwafukuza ngiri. Binti ama anakwenda nao na kukosa vipindi, ama anabaki nyumbani peke yake. Kabla hujapanga lolote, chora ramani ya wanafunzi wako kwa mkono: nani anaishi na wazazi, nani kwa ndugu, nani geto, nani anavuka maji. Waambie wachore wenyewe kama zoezi la kipimio. Utajua zaidi kwa saa moja ya ramani hiyo kuliko kwa dodoso.

Jambo la pili la mahali ni imani. Watu wa Kibiti hawajasahau 2016 na 2017, wakati wenyeviti wa vijiji, watendaji na askari walipokuwa wakiuawa. Mgeni anayekusanya vijana jioni bila serikali ya kijiji kujua anajitafutia balaa, na anawatafutia watoto. Anza kwa mkuu wa shule: omba barua inayosema klabu ni ya nini, inakutana wapi na siku gani. Nakala iende kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji. Kisha mwone imamu wa msikiti ulio karibu na shule, maana wazazi watamuuliza yeye kabla ya kukuuliza wewe.

Kalenda inayofuata maji

Hili ni dogo, lakini limeua klabu nyingi kuliko ukosefu wa fedha. Mwalimu mgeni hutangaza kikao cha kila Jumamosi saa nne asubuhi. Jumamosi ya kwanza mahudhurio ni mazuri. Ya pili wasichana wa ng'ambo hawaonekani, naye anaandika kwenye ripoti kwamba mwamko ni mdogo. Mwamko uko palepale; mtumbwi ndio umekaa matopeni.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Zidisha kwa siku saba utapata karibu saa sita. Maana yake ni kwamba saa ambayo Jumamosi hii maji yamejaa, Jumamosi ijayo ndiyo saa ambayo yamepwa. Lakini ukikutana kila baada ya wiki mbili, mwezi unakuwa umerudi karibu na hali ileile, bamvu (maji makubwa) kwa bamvu au mafu (maji madogo) kwa mafu, na saa ya kuvuka inakaribiana na ya mara iliyopita. Wiki ya katikati wape wasichana wa ng'ambo kazi ya kufanya kwao.

Usiwapangie ratiba hiyo. Waipange wao. Wasichana wa Delta wanajua bamvu na mafu tangu utotoni. Wengi hawajawahi kuambiwa kwamba hiyo ni Fizikia. Wape daftari, waandike saa ya maji kujaa gatini kwa mwezi mmoja, wachore grafu, kisha watoe ratiba ya muhula. Siku ambayo mkuu wa shule atabandika ratiba hiyo kwenye ubao wa matangazo, mwanafunzi aliyezoea kupata alama za chini kwenye Hesabu atakuwa amewapangia watu wazima muda wao. Na kwenye kuvuka, usikubali mkato: jaketi okozi kwa kila mtoto, au kikao kiahirishwe.

Klabu yenyewe

Maabara ya shule yako inaweza kuwa chumba chenye meza na kabati lililofungwa. Usingoje vifaa. Subiri maji yapwe, kisha wapeleke kwenye mikoko, baada ya kumwarifu ofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) wa eneo hilo ili msionekane wakataji. Mwambie kila mmoja achume jani moja la mchu alilambe. Lina chumvi kabisa. Halafu jani la mkoko, uliosimama kwenye tope lilelile: halina. Waache wabishane. Mchu huiingiza chumvi na kuitoa kupitia majani. Mkoko huizuia chumvi kwenye mizizi isipande. Miti miwili, maji mamoja, njia mbili. Usiwape jibu siku hiyo. Waulize wangejuaje, na wangepima nini.

Kutoka hapo mradi unajizaa wenyewe, kwa sababu maji ya kunywa Delta ni kero ya kila nyumba na wasichana ndio wanaoyachota. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Kisima cha kijiji je? Kile cha pili, kilicho karibu na mpunga? Chemsha lita moja taratibu mpaka yakauke, pima kilichobaki kwenye sufuria, rudia wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Mizani ya maabara ikikosekana, ya duka la dawa inaweza kusaidia. Baada ya miezi michache klabu ina takwimu ambazo kijiji hakina, na msichana anayeziwasilisha kwenye mkutano wa kijiji ana la kusema mbele ya wanaume waliokaa vitini.

Kwa Kemia tafuta choya. Chemsha maua yake makavu, chuja, gawa kwenye glasi tatu. Kamulia ndimu kwenye moja: nyekundu inakolea. Mimina maji ya majivu kwenye ya pili: inageuka kijani. Ya tatu iache ya kulinganishia, na sisitiza sana hiyo ya tatu, kwa sababu somo zima la ushahidi liko ndani yake.

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyovamia mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti nayo ni somo. Kila mzee ana maelezo yake kuhusu mvua, mto na Bwawa la Julius Nyerere lililoko juu, lenye mitambo ya megawati 2,115. Usiingie kwenye ubishi huo ukiwa mwalimu mgeni. Chupa ya plastiki iliyokatwa ikawa kipima mvua, na mti uliowekwa alama za sentimita ukingoni mwa mto, vitawapa wanafunzi wako kitu cha kuzungumzia kilicho bora kuliko uvumi.

Angalia mikono. Katika klabu ya mchanganyiko, usipoingilia kati, wavulana watashika bikari na wasichana watashika kalamu. Weka zamu iliyoandikwa, na fundi wa vifaa awe msichana kwa muhula mzima. Wavulana wasifukuzwe, wao ndio kaka, wachumba na baba wa kesho, na kijana aliyewahi kusahihishwa vipimo na msichana hasahau. Ila kuwe na nusu saa ya mwisho ambayo wasichana wanabaki peke yao na mwalimu wa kike.

Halafu jihadhari na kicheko chako mwenyewe. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, aliweka maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipouliza darasani alichekwa, na mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alirudia swali akiwa Mkwawa, Iringa, safari hii mbele ya Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam kuwatembelea. Osborne alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu kitu kinachoitwa kwa jina la kijana yule. Mpemba alikuwa na ubishi wa kutosha kuuliza mara ya pili. Msichana wa kidato cha pili anayeogopa kuchekwa na wavulana hatauliza mara ya pili, kwa hiyo jibu lako la kwanza ndilo pekee analopata.

Mradi ukiiva, upeleke mbali. Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa 2011 na Gozibert Kamugisha pamoja na Joseph Clowry, huwakutanisha Dar es Salaam wanafunzi wa sekondari wakiwa na miradi yao. Ukikata tamaa kwamba shule yako haina kitu, mkumbuke Peter Tabichi wa shule ya Keriko, eneo la Njoro huko Kenya: shule ya kutwa, kompyuta moja, intaneti ya kubahatisha, na mwaka 2019 akashinda tuzo ya mwalimu bora duniani kwa kazi aliyoifanya kwenye klabu ya sayansi. Alikuwa anafundisha Hesabu na Fizikia.

Mwili nao ni somo

Kwa mtaala tuliouzoea, mada ya uzazi kwenye Biolojia imekaa kidato cha tatu. Msichana anayeacha shule kidato cha pili haifikii. Usisubiri. Kwenye klabu, mwalimu wa kike, muuguzi wa zahanati au wewe ukiwa na mmoja wao karibu, mfundishe mzunguko wa hedhi kama mnavyofundisha jambo lolote: kwa mchoro, namba na maswali. Wasichana wahesabu kwa siri kwenye kalenda zao, kisha wajifunze wastani na masafa ya data kwa namba za kubuni zinazofanana na zao. Mtu mzima mzunguko wake huwa kati ya siku 21 na 35. Kwa binti aliyevunja ungo karibuni unaweza kufika hata 45 na kurukaruka. Akishaliona hilo kwenye grafu, hahitaji kuambiwa kwa ukali kwamba kuhesabu "siku salama" ni kamari. Ameshaona.

Pedi ni jambo la fedha kwanza. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa kwenye bajeti ya 2018/19, ikarudishwa mwaka uliofuata, na bei haikuwahi kushuka kwa namna ambayo mama muuza mihogo angeisikia. Pedi za kufua zinasaidia, lakini zina adui mmoja: aibu. Binti huzifua usiku na kuzianika chini ya kitanda, zinabaki na unyevu. Chukua vipande viwili vya mkate, kimoja kilowe kidogo ukifunike, kingine ukikaushe juani. Siku nne baadaye viweke mezani bila kusema neno. Wataanza wenyewe kutafuta kamba ya kuanikia nyuma ya bweni, yenye kanga ya kuziba.

Weka ndoo yenye mfuniko kwenye ofisi ya walimu wa kike: pedi, sabuni, kanga moja, chupi mpya za saizi mbili. Ufunguo akae nao mwanafunzi. Akikaa nao mwalimu, mtoto atarudi nyumbani kuliko kuja kuomba.

Somo, kungwi na mwali

Hukukuta uwanja mtupu. Kwa Wandengereko, Wanyagatwa na jirani zao, msichana ana mlezi kabla hujafika: somo au kungwi, mwanamke anayemfunda anapovunja ungo. Kuna watu wanaokuja na miradi wakitaka kuupiga vita unyago wote kwa pamoja. Naona ni ujinga, na ni hasara. Mnachogombana nacho hasa ni kalenda: mwali akiwekwa ndani katikati ya muhula, na ngoma ya kumtoa ikageuka tangazo kwamba yuko tayari kuolewa.

Basi nenda ukaombe kalenda. Nenda na mwalimu wa kike, au umtume yeye ukiwa mwanamume, msiende mikono mitupu. Sukari na sabuni vinatosha. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, karibuni ndani." Kaa kwenye mkeka, uliza habari za shamba, na usiulize wanachofundisha huko ndani, hakikuhusu. Eleza kwamba shule inafunga Juni na Desemba. Omba ngoma iangukie humo. Omba na jambo moja zaidi: kwamba akimfunda mwali amwambie mtu wa kumkimbilia siku akishikwa kwa nguvu, na kwamba mtu huyo awe bibi mwenyewe. Wengi watakubali, kwa sababu umewapa kazi ambayo wanaiona ni yao.

Wakikuuliza kama elimu haitamfanya binti awe jeuri, unalo jina la kuwatajia. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake TANU kwa maelfu kuanzia 1955 na baada ya uhuru akawa mbunge wa Rufiji, alijulikana kwanza kama mwimbaji kwenye ngoma za wanawake. Kusimama mbele za watu alikujua kabla ya siasa. Bibi aliyeketi mbele yako anaweza kuwa amewahi kumwona. Mwache asimulie.

Mipaka yako

Sehemu hii ni fupi na haina majadiliano. Usikutane na mwanafunzi peke yake mlango ukiwa umefungwa, hata ukiwa mwanamke. Usimfundishe tuisheni kwako. Usimpe lifti. Usichati naye usiku. Kama simu ni lazima, iwe kundi lenye matroni ndani yake. Usimpe fedha mkononi: mpe kupitia matroni, ikiandikwa. Usimwahidi kwamba siri yake haitatoka. Mwambie mapema kwamba akikueleza jambo la kumdhuru, kuna watu wawili utakaowaambia, na umtajie ni akina nani. Mwenzako akizivunja sheria hizi, kaa naye mara moja. Akirudia, mkuu wa shule aletewe taarifa kwa maandishi.

Likitokea

Litatokea. Binti anakuambia amebakwa, au ana mimba, au posa imeshapokelewa. Hapo usiwe mshauri; uwe mtu wa hatua.

Kwenye ubakaji, saa ndiyo inayokuamulia. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asioge, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi au kitambaa. Mfuko wa plastiki huzivundisha. Aende kituo cha afya na mtu mzima wa kike. Fomu ya PF3 ya polisi inahitajika, lakini tiba isisubiri karatasi. Sema hivyo mlangoni kama kuna anayekuzungusha. Ukiwa Delta, maana yake ni kwamba unapaswa kujua leo, kabla halijatokea lolote, boti ya nani itaondoka usiku na mafuta yatalipwa na nani. Liandike jina hilo ukutani. Polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto, halmashauri uliza ofisa ustawi wa jamii, na namba 116 hupigwa bure kutoka mtandao wowote.

Kwenye ndoa, usianze na mabishano ya umri. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye Julai 2016 na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019. Mzee wa kijiji anaweza kukujibu kwamba hayo ni ya Dodoma. Silaha yako ni nyepesi zaidi: Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya 2016, inakataza kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, na anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwanafunzi ni nani? Aliyeandikishwa kwenye rejesta yako. Kwa hiyo usimfute jina mtoto mtoro haraka haraka; jina hilo ndilo ukuta wake.

Hata hivyo tumia kwanza watu. Mjomba, shangazi, yule bibi wa mkekani, imamu. Kesi ikifika mahakamani, mara nyingi familia zimeshamalizana pembeni na shahidi wako mkuu amepelekwa kwa ndugu Mafia kwa boti ya Nyamisati.

Kwenye mimba, jua kwamba mlango haufungwi tena. Tangu Novemba 2021, kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo, msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaweza kurudi kwenye shule ya kawaida. Wazazi wengi hawajaambiwa, na wengine wameambiwa lakini hawaamini, kwa sababu kabla ya hapo waliyasikia ya kinyume kwa sauti kubwa. Nenda na nakala. Isome kwa Kiswahili barazani, mbele ya baba. Panga anayebaki na mtoto kabla ya kupanga tarehe ya kurudi darasani. Usipofanya hivyo, atarudi kwa wiki moja tu.

Asipotaka kurudi kwenye sare na mstari, zipo njia nyingine. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huwasomesha nje ya mfumo wasichana waliokatiza sekondari. Ikwiriri, ng'ambo kidogo ya mpaka wa wilaya, kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vyuo vya aina hiyo vimekuwa vikiwapokea mama vijana pamoja na watoto wao.

Mbele kuna nini

Wasichana hufanya bidii wakiona kazi, na kazi wanayoiona Delta ni uvuvi, mpunga na ualimu. Waonyeshe nyingine iliyo karibu. Kwa miaka mingi Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikifuatilia kaya za Rufiji, watu wakipita nyumba kwa nyumba kuandika aliyezaliwa, aliyefariki na aliyehama. Takwimu hizo zimesomwa duniani kote na watafiti wa vifo vya watoto. Mwalike mmoja wa wahojaji hao wa kike, na aje na simu yake ya kazi na buti za matope. Mwalike na mtaalamu wa maabara wa kituo cha afya. Mtu wa kawaida mwenye mshahara wa kawaida huaminika kuliko daktari bingwa kutoka Dar.

Kisha toa taarifa kavu: ada imefutwa hadi kidato cha sita tangu mwaka wa 2022/23; wanaofaulu vizuri zaidi sayansi kidato cha sita wanaweza kupata Samia Scholarship ya chuo kikuu; vyuo vya afya huangalia Biolojia na Kemia za kidato cha nne, na alama ya D kwenye moja ya hizo inaweza kumfungulia mlango au kumfungia kulingana na kozi, kwa hiyo asikate tamaa na masomo hayo kidato cha pili. Tafuta pia wasichana waliosoma wakarudi. CAMFED, iliyoko nchini tangu 2005, imejenga kazi yake juu yao: mhitimu wa kidato cha nne anayerudi kwenye shule yake kuwasaidia wadogo zake. Hata kama shirika hilo haliko kwenye kata yako, mpango huo unaweza kuuiga kwa mhitimu mmoja, nauli yake, na chakula cha mchana.

Mambo ya karatasi

Kila kikao kiwe na rejesta, pamoja na ajenda ya mstari mmoja. Fedha ikiingia, hata elfu kumi ya diwani, iandikwe na isainiwe na wawili. Namba za dharura ziwe ukurasa wa kwanza. Kumbukumbu za mashauri ya siri ziwe kwenye daftari tofauti, kabati tofauti, majina kwa herufi za kwanza tu.

Haya yote ni kwa sababu utahama. Walimu wa Delta huomba uhamisho, na hakuna wa kuwalaumu. Mwaka mmoja kabla ya kuondoka, tafuta mwalimu wa kike wa somo lolote na mwenyeji mmoja wa kudumu, bora bibi mwenye heshima au mhitimu anayeishi pale, uwaweke kwenye uongozi wa klabu na wewe ukae nyuma. Daftari la maji, kipima mvua, ndoo na ufunguo wake, barua ya mkuu wa shule, jina la mwenye boti: vikabidhiwe kwa maandishi, mbele ya mtendaji, kila mtu na nakala yake.